Wakala wa Usingizi

Nchi yenyewe haitatajwa hapa, kwa sababu leo asubuhi haikujitangaza, na kwa sheria zake zenyewe kisichojitangaza hakipo. Itoshe kusema ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa, na waziri aliyependa kusafiri.

Waziri huyo, Mheshimiwa Lukindo, alialikwa ng'ambo kutazama maonyesho ya mitambo, na huko akaona jambo lililomtoa machozi. Fundi mmoja alichomeka printa kwenye mtandao wa kompyuta za ofisini, basi, akaenda zake kunywa kahawa. Hakuipeleka kwa yeyote kuitambulisha. Printa ikawaka, ikauliza kimyakimya kama yuko mwingine mwenye jina lake, ikaona kimya, ndipo ikajitangaza kwa wote waliomo: mimi ni printa, nachapa kwa rangi, niko hapa. Papo hapo kompyuta zote zikaijua. Kompyuta ya pembeni ikajibu kwamba yeye hutunza mafaili. Spika ya ukutani ikasema yeye hupiga muziki. Wakawa jamaa moja, bila mshenga.

"Hata printa!" alinguruma Mheshimiwa siku aliyorudi, mbele ya umati ulioletwa kumpokea. "Printa, ndugu wananchi, isiyo na mama wala baba, inajua kusema nipo! Nyinyi mnangoja nini? Mnataka serikali iwatafute? Serikali ina shingo moja, itageuka pande ngapi?"

Umati ukapiga makofi, kwa kuwa makofi yalikuwa bado hayahitaji kibali.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Kujitangaza, na kila mlango ukapigiliwa kisanduku cheupe chenye sikio la wavu na vitaa vidogo, kila mkaazi na kitaa chake. Asubuhi na alasiri, visanduku vyote vya mtaa viliuliza kwa pamoja, "Nani yupo?" Na kila mtu alijibu kwa sauti: jina, kazi, mahali. Aliyesikika, kitaa chake kiliwaka kijani. Aliyekaa kimya, jina lake lilichacha, kama uji uliosahauliwa mezani, na mwenye jina lililochacha hakuwepo. Hakuuawa, la hasha. Serikali ile haikuwa katili. Hakuwepo tu.

*

Sikudhani alikuwa na sauti ndogo. Tangu utotoni watu walimwambia "ongea kama umekula," naye alikuwa amekula. Kila asubuhi alisimama mlangoni, akafumba macho, akasema, "Sikudhani, msuka mikeka, nyumba ya bomba bovu," na kisanduku kikamjibu, "Haijasikika. Rudia." Akarudia. Majirani wakacheka madirishani. Mpaka mumewe Makungu alipotoka nje na kusema kwa sauti yake nene, "Makungu, fundi wa kuwamba vitanda, nyumba ya bomba bovu, na huyu hapa ni mke wangu kwa wasiosikia!" Mtaa mzima ukacheka tena, safari hii pamoja naye, na kitaa cha Sikudhani kikawaka.

Kisha kiharusi kikamshika Makungu akiwa amepiga goti anakaza kamba za kitanda cha watu. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, jicho la kulia, na ulimi wote.

Asubuhi iliyofuata visanduku viliuliza, "Nani yupo?" Makungu alifumbua jicho lake moja zima. Akatafuta ulimi, hakuuona. Basi akainua mkono wa kushoto na kugonga mti wa kitanda: ko-ko, akapumzika, ko.

"Haijasikika," kisanduku kikasema. "Rudia."

Ko-ko. Ko.

Kitaa kikazima.

*

Mjumbe wa mtaa, Bwana Shamte, alifika kabla ya chai kupoa. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, aliyependa kuita kila mtu "mwanangu" hata waliomzidi umri.

"Pole, mwanangu," alimwambia Sikudhani. "Nimesikia huna mume."

"Bwana Mjumbe, ninaye. Huyo hapo."

Shamte akatazama kitanda kwa heshima, kama mtu anayetazama ukuta uliopakwa rangi jana. "Naona kitanda."

"Anaumwa. Ulimi umemfunga. Lakini anagonga, anasikia, anaelewa. Makungu, gonga Bwana Mjumbe asikie."

Ko-ko. Ko.

"Mchwa," Shamte akasema kwa huzuni. "Nyumba hizi za zamani zina mchwa."

Alitoka na posho ya unga ya Makungu, kwa sababu unga wa mtu asiyekuwepo ungemharibikia nani? Mlangoni akageuka. "Na usizoee kuongea na kitanda, mwanangu. Watu watasema umerukwa na akili."

Ikawa kweli. Jirani yake Mama Riziki, aliyekuwa akimletea mgonjwa uji wa mtama, alisimama kizingitini na bakuli mkononi akawa haingii.

"Ingia, shoga," Sikudhani akamwambia. "Msalimie. Atafurahi."

"Nimsalimie nani, shoga? Kitaa kimezima. Nikisema shikamoo itabaki inaning'inia hewani, kisanduku kitaisikia, kesho nitaulizwa nilikuwa namwamkia nani." Akalitazama bakuli, akamtazama Sikudhani, akanywa uji wote palepale amesimama. "Nimekuja tu kukuonyesha kwamba sijakusahau," akasema, akajifuta mdomo.

*

Alasiri moja Sikudhani alifanya ujasiri. Aliposikia "Nani yupo?" alijitangaza mwenyewe, akarudia, akasikika. Kisha akaingia nyuma ya pazia, akakunja shingo, akatoa kifuani sauti nene ambayo hakujua kama anayo: "Makungu, fundi wa kuwamba vitanda, nyumba ya bomba bovu!"

Kitaa cha Makungu kikawaka kijani. Kitandani, jicho zima likajaa maji. Upande mmoja wa mdomo ukapanda, na hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho Sikudhani kumwona mumewe akicheka.

Shamte alikuja na askari wawili na kipimo cha kupimia makoo. "Koo moja, jina moja," alisema. "Mwanangu, umenivunja moyo. Ukitaka majina mawili, wengine watake matatu, nchi itajaa watu wasiokuwepo."

Kisanduku, kwa upande wake, kilikuwa kimekwisha kuamua. Kilipogundua koo moja limejibu mara mbili, kilikizima kitaa cha Makungu, kikahesabu majibu yote mawili kuwa ya Sikudhani, kikafuata kanuni ya mitambo inapogongana kwa jina: anayekuja nyuma huongezewa namba. Tangu siku ile alitakiwa kujitangaza "Sikudhani wa Pili."

"Na wa Kwanza ni nani?" aliuliza.

Shamte akafikiri. "Nafasi ipo wazi," akasema.

*

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mfereji, na wito wa mtaa haukuvuka mfereji. Huko kulikuwa na mtaa mwingine, visanduku vingine, watu waliojuana wao kwa wao. Ukivuka na mgonjwa hakuna anayemjua, na ukivuka na mzima ni hivyohivyo. Lakini mtaa wa Sikudhani ulikuwa na daktari wake.

Daktari huyo, Mtwana, alikuwa dalali wa magodoro hadi asubuhi moja alipowahi kuamka na kutangaza, "Mtwana, daktari, zahanati!" kabla daktari mwenyewe hajamaliza kupiga mswaki. Hakuna aliyemuuliza cheti. Mtandao hauulizi vyeti, huamini anayesema kwanza. Daktari wa awali aliposema "mimi ndiye daktari," aliambiwa yeye ni daktari wa Pili, akapewa ufagio.

Mtwana alikuja na koti jeupe lenye harufu ya sufi mpya. Akaingia chumbani, akatazama huku na huku, akaketi kitandani.

"Dakta," Sikudhani akasema, "umemkalia miguu."

"Nimekalia miguu ya nani?"

"Ya mgonjwa."

"Sioni mgonjwa. Naona kitanda kizuri sana." Akajirusha juu chini kidogo kujaribu kamba. Makungu akatoa mlio ambao haukuwa neno. "Kamba zimekazwa na mtu anayejua kazi. Kinalia kidogo tu. Unauza?"

"Dakta, nakuomba. Inuka."

"Godoro lake lakini limechoka. Ukiniachia kitanda, nitakuletea godoro la sponji, jipya, lina nailoni yake. Fikiria, mama. Kitanda kimoja, mtu mmoja, unakifanyia nini?"

Aliinuka kwa sababu alikuwa na wagonjwa wengine. Ko-ko, akagonga Makungu, Mtwana alipokwisha kutoka. Akapumzika sana. Ko. Sikudhani akamkanda miguu mpaka damu iliporudi, akimsimulia kwa sauti ya chini, isiyofika kwenye kisanduku, jinsi daktari alivyosifu kazi yake.

*

Ni Mama Riziki aliyemdokeza habari ya mawakala, akipita kama anayeimba peke yake. Mitambo nayo hulala, ndiyo siri iliyofahamika baadaye. Kompyuta ikilala, mwenzake aliye macho huijibia: yupo, kalala tu, ukimhitaji nitamwamsha. Mheshimiwa Lukindo alipoisikia hii alilia tena, maana yeye na mawaziri wenzake walikuwa wakilala sana vikaoni na vitaa vyao vilikuwa hatarini. Basi kikaanzishwa cheo cha Wakala wa Usingizi. Kila waziri alikuwa na wake, aliyekaa nyuma ya kiti. "Mheshimiwa Lukindo?" kisanduku cha Baraza kikiuliza, wakala huitikia, "Yupo, anatafakari!" na Mheshimiwa akaendelea kukoroma.

Sikudhani alikwenda kwa Shamte akapiga magoti. "Bwana Mjumbe, nami naomba wakala. Mume wangu halali, ni kimya tu. Mtu wa kumsemea neno moja."

Shamte alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu! Wakala ni wa wanaolala kazini! Mumeo ana ofisi? Ana kiti kinachozunguka? Amewahi kusinzia kwa niaba ya taifa?"

Hata hivyo aliandika ombi, kwa kuwa lilimchekesha na alitaka wakubwa wacheke pia. Ombi likapanda, likachekwa kila ofisi, likafika juu kabisa wiki ambayo Mheshimiwa alikuwa akitarajia wageni wa ng'ambo waliotaka kuona huruma. Huruma ilikuwa haipatikani kirahisi. Mheshimiwa akaamuru atafutwe mke wa fundi wa vitanda.

*

Asubuhi ya sherehe Makungu hakugonga.

Visanduku viliuliza, "Nani yupo?" na Sikudhani, mkono ukiwa juu ya mkono wake wa kushoto, alingoja ko-ko. Hakuna kilichokuja. Alingoja sana. Kisha akamfumba jicho, akamvuta shuka, akajitanda kanga na kwenda kwa Shamte kuomba ruhusa ya kuzika. Lakini Shamte alikutana naye njiani, anatoka jasho la furaha, amemletea gari.

"Umefaulu, mwanangu! Panda, panda!"

"Bwana Mjumbe, amekufa."

"Utaeleza hukohuko."

Alipandishwa jukwaani, mbele ya umati na wageni wenye kofia za jua. Mheshimiwa alikuwa kwenye kipaza sauti.

"Wanasema serikali yetu haimwoni mnyonge! Leo ninawaonyesha! Fundi wa kuwamba vitanda, mtu wa chini kabisa, chini ya kitanda hasa, leo anapewa Wakala wa Usingizi kama mimi! Tena wa daraja la kwanza! Sema, mama. Sema unavyojisikia."

Wakamshikisha kipaza sauti. Sikudhani hakuwahi kusema neno ambalo wote walisikia. Sasa akalisema, na spika zikalibeba mpaka kwenye paa za mabati: "Mume wangu amekufa leo asubuhi."

Kila mtu alisikia. Mgeni mmoja akavua kofia. Mheshimiwa akamtazama Shamte, Shamte akatazama kibali cha wakala alichokishika, na kibali kilikuwa na sahihi, muhuri na utepe.

"Kifo," Mheshimiwa akasema polepole, akirudisha kipaza sauti kwake, "ni nini, ndugu zangu, kama si usingizi mrefu? Na usingizi ukiwa mrefu, wakala anahitajika zaidi au kidogo?"

"Zaidi!" umati ukaitikia.

Makofi yakamsindikiza Sikudhani hadi kwenye gari. Shamte alimnong'oneza, "Usijali. Ukitaka kukifuta kibali, ni rahisi. Mwenye kibali anakuja ofisini mwenyewe, kwa miguu yake, anatamka kwamba hakitaki."

*

Wakala alikuwa kijana nadhifu aitwaye Faki, mwenye viatu vyenye ncha na sauti tamu kama ya muuza manukato. Kwa sheria, tangazo lazima litoke mahali linapotajwa, kwa hiyo alihamia. Na kwa kuwa wakala anayetangaza vizuri ni wakala aliyepumzika, alihitaji kitanda. Makungu akateremshwa akalazwa mkekani.

"Samahani, shemeji," Faki alimwambia Sikudhani, kwa kuwa alikuwa na adabu. "Ni kazi."

Alasiri visanduku viliuliza, na Faki akasimama mlangoni, akakohoa kidogo. "Makungu! Fundi wa kuwamba vitanda! Nyumba ya bomba bovu! Mzima wa afya, hana malalamiko!" Kitaa cha Makungu kikawaka kijani kuliko vitaa vyote. Mama Riziki alikimbia akaja, bakuli mkononi, akasalimia kwa sauti kubwa kisanduku kisikie: "Makungu! U hali gani, shemeji? Uji wako huu!" Faki akaunywa.

Kuzika hakukuwezekana. Shamte alieleza kwa upole kwamba kumzika mtu aliyepo ni kosa la mauaji. Siku ya pili Faki alifukiza ubani. Siku ya tatu alifunga leso puani na kutangaza, "Makungu! Yupo, ananukia!" na mtaa ukacheka, kwa sababu Faki alikuwa mcheshi.

Sikudhani alikaa mkekani akiwafukuza nzi. Kwa mara ya kwanza alifikiri si jinsi ya kusikika, bali jinsi ya kutosikika.

Asubuhi iliyofuata, visanduku vilipouliza, "Nani yupo?" alifunga mdomo.

"Sikudhani wa Pili?" kisanduku kikauliza. "Haijasikika. Rudia."

Akamwosha Makungu kwa maji ya mtungi. Kisanduku kikauliza tena. Akamkunja kwenye shuka jeupe walilopewa siku ya arusi. Kitaa chake kikafifia, kikazima, na jina lake likachacha. Faki, aliyekwisha kumtangaza Makungu akarudi kulala, aliinua kichwa kitandani akatazama alipokuwa amesimama, macho yakampita kama yanavyopita kioo. "Hee, leo nyumba hii haina mke," akanung'unika. "Chai nani atapika?" Akatoka na viatu vyake vyenye ncha kwenda kuripoti.

Mkokoteni ambao Makungu alipelekea vitanda kwa wateja ulikuwa uani. Sikudhani alimpakia, akaweka jembe kando yake, akasukuma katikati ya mtaa mchana kweupe. Hakuna aliyemzuia: yeye hakuwepo, na Makungu, kwa mujibu wa kisanduku, alikuwa nyumbani. Watu walipisha wakiangalia juu, kama wanaopisha upepo. Mama Riziki aligeukia ukuta.

Kwenye kizuizi cha mfereji walikuwa askari wawili.

"Angalia," akasema wa kwanza. "Mkokoteni unajiendesha."

"Mitambo siku hizi inajitambulisha yenyewe," akasema wa pili, "itashindwaje kujiendesha?" Akainua mti wa kizuizi. Kisha akaliona jembe. "Hili halina mwenyewe," akasema, akalichukua. Chombo kisicho na mwenyewe ni cha serikali.

Ng'ambo ya mfereji, mbali na visanduku vya huko, palikuwa na ardhi ngumu, na wito haukufika. Sikudhani alichimba kwa kifuu cha nazi mpaka kikavunjika, halafu kwa kigae chake, halafu kwa kucha. Shimo halikuwa refu. Alimlaza, akamsomea alichokuwa anakijua kwa moyo, kwa sauti yake ndogo, na hakuna kitu kilichomwambia arudie.

*

Alirudi alasiri akiwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Alitaka maji tu, na kukaa. Alikuwa amefika kwenye kona ya nyumba yake visanduku vilipouliza kwa pamoja, "Nani yupo?"

"Makungu!" ikaitika kutoka mlangoni mwake ile sauti tamu. "Fundi wa kuwamba vitanda! Nyumba ya bomba bovu!"

Ikafuata sauti ya mwanamke, changa, nene, ya mtu aliyekula. "Sikudhani wa Kwanza! Mke wa Makungu! Nyumba ya bomba bovu, na chai tayari!"

Vitaa viwili vikawaka bega kwa bega, kijani kibichi. Nafasi ilikuwa wazi, na Wizara, iliyochelewa katika mambo yote, haikuchelewa katika hili. Shamte alikuwa amesimama uani akibandika ukutani kibao kilichoandikwa KAYA BORA YA MTAA, na kwa kweli hapakuwa na kaya nyingine mtaani iliyojitangaza vizuri kama ile. Alirudi nyuma kukitazama kama kimenyooka, akamkanyaga Sikudhani mguu, hakuomba radhi, akaenda zake.

Mlango ukafungwa. Ndani vikombe vililia. Mtu alijitupa kitandani, na kamba alizozikaza Makungu zikamlia chini yake.

Sikudhani alifungua kinywa. Alitafuta jina, lake na la mumewe, akakuta yote mawili yana watu. Basi akainua mkono wa kushoto wenye udongo, akagonga mti wa mlango: ko-ko. Akapumzika. Ko.

Ndani kikombe kikawekwa chini.

"Nini hicho?" aliuliza mwanamke.

"Mchwa," akasema Faki. "Nyumba hizi za zamani. Mimina chai, mke wangu."